Treni Iliyonyamaza Ikienda

Ipo Jumamosi moja ambayo hainitoki akilini, mwanangu Swaleh, na jana umenirudisha pale pale bila kujua. Umekuja na simu yako ukanionyesha dikoda unayotaka kuitia katika treni ya mfano unayoiunda kwa ile bustani ya watoto kule Bamburi. Nikakuuliza umeichagulia nini. Ukanijibu, "Mama mkubwa, hii ndiyo yenye kelele kuliko zote." Nikanyamaza, maana ningesema jana ningesema vibaya. Leo nimetulia kidogo, si sana. Kaa unisikize.

Wakati huo nilikuwa msichana wa rika lako, natengeneza redio katika duka moja Changamwe. Pale ndipo nilipojuana na Mzee Katana, dereva wa treni aliyestaafu, mtu asiyeweza kukaa mikono mitupu. Alikuwa ameunda kichwa cha treni, na usidhani ni kile cha kupamba meza. Kilikuwa kirefu kuliko mkono wangu, chuma tupu, kukinyanyua ni kukikumbatia kwa mikono miwili na kuomba mgongo usikatike. Alikiundia shule ndogo ya watoto wasioona kule Junda, na reli yake ikazunguka ua mzima. Wale watoto treni walikuwa wameisikia redioni tu. Mzee alitaka waipapase magurudumu, waipapase ngazi ya dereva, wajue ikoje.

Sasa mtoto asiyeona atajuaje kama treni inakwenda au imesimama? Kwa sauti, hana njia nyingine. Ndiyo maana dikoda ilikuwa jambo kubwa kwetu. Wewe wajua, ni kile kibao cha umeme kinachokaa tumboni mwa injini, kikapokea amri ya mwendeshaji, kikaipa mota mwendo na spika sauti. Kabla hata reli haijakamilika, Mzee aliwafundisha watoto kanuni moja, wakaiimba darasani: ikinguruma inakuja, ikinyamaza imesimama, nenda ukaiguse.

Mimi na Mzee tulikuwa tumeshachagua dikoda yetu, yenye nguvu ya kubeba mota nzito, sauti na mwendo katika kibao kimoja. Ilikuwa njiani kuja. Lakini mwenyekiti wa kamati ya shule, Bwana Sudi, alikuwa ameshaalika wageni wake na hakutaka kungoja. Akaja na kibao cha sauti peke yake, kilichotengenezewa vitreni vidogo vya mezani, akataka kiunganishwe na spika kubwa ili wageni wasikie hadi barabarani.

Nikamwambia kwa adabu zote, "Bwana Sudi, hiki kitachemka. Spika hii ni nzito kwake. Tena hakiungani na mota. Kikizimika, treni itaendelea kwenda."

Akacheka. "Binti, wageni wanakuja kusikia treni. Hawaji kusomeshwa umeme."

Mzee Katana akasema yeye haiendeshi treni namna ile. Bwana Sudi akasema haidhuru, ataiendesha mwenyewe, na fundi wake akakifunga kile kibao. Mwalimu mkuu, Mwalimu Sidi, mama mpole mno, alituomba tuvumilie siku hiyo moja tu. Mzee alichoweza ni kufunga kamba kuizunguka reli, watoto wakae nyuma yake. Bwana Sudi akaifungua kwa mkono wake mwenyewe, eti picha hazitoki vizuri.

Wallahi, mwanangu, nikiifikiria ile kamba damu yangu inachemka hadi leo.

Treni ikatoka ikinguruma, wageni wakapiga makofi. Kulikuwa na msichana mmoja, Mwaka, wa kwanza katika kusoma pale shuleni, vidole vyake vikipita juu ya nukta za karatasi upesi kuliko macho yangu mimi yanavyosoma gazeti. Alikuwa amechuchumaa karibu na reli, kichwa amekiinamisha, anasikiliza. Treni ikazunguka ua, ikazunguka tena. Ilipofika nyuma ya jiko la shule, sauti ikakatika. Kibao kimechemka kikajizima, kama nilivyosema. Treni ikaja vile vile, kimya, kwa mwendo ule ule. Mwaka akatabasamu. Imesimama. Akanyoosha mkono wa kulia akaiguse.

Mlio wa yule mtoto sikuelezi.

Nilimrukia Bwana Sudi mbele ya wageni wake wote. Nilimwambia maneno ambayo msichana wa Likoni hafundishwi kwao. Mzee Katana akanishika bega akaniambia kwa sauti ya chini, "Rehema. Mtoto kwanza. Huyu hapotei, utamkuta." Nikaona haya, nikamwacha, nikaenda nikampakata Mwaka. Vidole viwili vilikuwa vimevunjika, vile vile vya kusomea.

Siku chache baadaye kamati ikakaa. Mwaka alikuja na mamake, mkono umefungwa bendeji hadi kwenye kifundo. Bwana Sudi akasimama akasema ajali haina mwenyewe, ila ukweli lazima usemwe, mtoto alikuwa mtundu.

Mwaka hakungoja kuulizwa. "Mimi sikuwa mtundu," akasema. "Ilinyamaza."

Bwana Sudi akakohoa, akasema basi ataleta kibao kingine chenye sauti kubwa zaidi. Hapo nikainuka. Mama mmoja wa kamati akanivuta nguo, akaninong'oneza nipoe, mtu mzima hasemezwi hivyo. Ndipo Mzee Katana aliponyanyuka, yeye ambaye katika vikao hafungui mdomo.

"Mwacheni," akasema. "Mnamwambia huyu apoe. Nani kati yenu amemwambia mtoto huyu pole?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mwalimu Sidi akaanza kulia. Bwana Sudi akachukua funguo zake za gari akatoka.

Nje, nilimwambia Mzee ile treni tuitupe, nisiione tena. Akanikemea, mwanangu, na kemeo lile ndilo ninalotaka ulisikie. "Ukiitupa, wewe umetulia na watoto wamekosa treni yao. Hasira yako ni ya haki. Usiitupe, ifanyie kazi."

Tukaifanyia kazi. Dikoda yetu ilipofika tukaazima na nyingine mbili tatu kwa watu wenye treni zao, tukazipanga juu ya meza yangu ya kutengenezea redio, tukaziunga moja moja na mota ya treni na spika. Mzee akaenda mwenyewe kumchukua Mwaka na mamake. Nikampa Mwaka kiti. Nikamwambia, "Wewe ndiye utakayechagua. Hatufungi usiyoitaka."

"Hata ile mliyoichagua nyinyi?"

"Hata hiyo."

Akasikiliza zote. Ile yenye kelele kuliko nyingine aliikataa upesi. "Hii inapiga mayowe tu, Dada Rehema. Sijui kama inakuja au inakwenda." Ya pili ilikuwa na honi nzuri na kengele, lakini ngurumo yake ilikuwa ile ile, mota ikivuta au ikilegea. Akaikataa. Alipofika kwenye ile yetu akaisogelea spika, kichwa amekiinamisha. Ilikuwa inanguruma kwa uzito ikianza kuvuta, inapungua mota ikilegea, na kabla ya kusimama breki zinalia. Akaniomba niirudie. Nikairudia. Mzee Katana alikuwa amefumba macho kule pembeni.

"Hii inasema inachofanya," Mwaka akasema.

Ndiyo tuliyoifunga, na spika inayolingana nayo. Nikatia na akiba ya umeme, maana reli za pwani zinashika chumvi na kutu, umeme ukikatika punde sauti isipotee. Mzee hakuridhika bado. Akafunga kikengele kidogo kwenye mhimili wa magurudumu, kikilia kila gurudumu likizunguka, dikoda ife isife. Watoto wakafundishwa kanuni upya: usiguse mpaka mwendeshaji akuite kwa jina.

Vidole vya Mwaka vilipona vimepinda. Ilibidi ajifunze kusoma upya kwa mkono wa kushoto, na nilimwona akilia kwa ukurasa mmoja ambao zamani angeumaliza kabla hujakaa. Leo ni mama wa watu, anasoma, anacheka. Bwana Sudi pole hakuisema. Mimi sijamsamehe, na usije ukaniambia nimsamehe.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu. Usichague dikoda kwa kelele zake. Kwanza jua mota yako inakula umeme kiasi gani ikishikwa isizunguke, na kibao chako kikiweze hicho na zaidi. Spika ilingane nacho. Sauti na mwendo viwe kitu kimoja, na sauti ifuate kazi ya mashini. Kisha umtafute mtoto atakayesimama karibu na reli hiyo, umsikilizishe, umuulize anasikia nini. Akikwambia hapana, fungua upya hata kama wageni wamekaa vitini. Mwenye cheo akikucheka, kataa. Akikwambia uwe mpole, muulize upole huo ni wa kumlinda nani.

Mola akuongoze mikono, akupe moyo wa kusema hapana mapema, na kila mtoto atakayeisogelea kazi yako arudi kwao na vidole vyake vyote. Nenda, mwanangu, na radhi zangu unazo.