Mikono ya baba yake bibi, tangu mkonge wa Mjerumani mpaka kwangu

Wakuu, heshima kwenu. Shule niliishia darasa la tano na mji mmoja sijawahi kukaa, ila hili limenipata mwenyewe. Chumvi sitaongeza.

Utotoni kule Kwamsisi, jioni tukipukuchua mahindi, bibi alitusimulia habari za baba yake, Mzee Mhando. Natamani zile jioni zirudi.

Enzi za Mjerumani mzee alikata mkonge Korogwe. Mikono ikipumzika, imetulia kabisa. Akishika panga au kamba ya kufungia mzigo, inatetemeka.

Msimamizi akasema huyu mvivu, mbona ugonjwa unaanza kazi ikianza? Akala viboko, akarudi nyumbani.

Mganga akampunga pepo. Pepo akadai dengelua, ile pombe ya miwa. Mzee akinywa, mikono inatulia, basi kijiji kizima kikaamini.

Ila pepo huyo hakushiba. Mzee alikufa akiitwa mlevi. Bibi akifika hapo alichukua hindi jingine, tunabaki kusikia mahindi tu yakidondoka kwenye ungo.

Sasa mimi natengeneza simu. Juzijuzi nikawa nikishika bisibisi, mkono unacheza. Wateja wakaanza kunitazama vibaya, na kazi nyingine sina.

Mjomba akanicheka: "Mpwa, pepo wa Mhando kakuhamia. Mpe glasi moja tu."

Nilikaribia kumtii. Nikaenda hospitali kwanza.

Daktari akanichoresha duara, akanishikisha kikombe cha maji, kisha akauliza: "Kwenu nani alitetemeka?" Nikamsimulia yote.

Akasema huu ni mtetemeko unaoweza kurithiwa, unatokea mkono ukifanya kazi. Upo mwingine wa wazee, ambao mara nyingi huonekana mkono ukiwa umepumzika; huo ni ugonjwa tofauti. Pombe huutuliza wa kwetu kwa muda mfupi, kisha unarudi na nguvu.

Akauliza kama nina pumu, maana dawa yake haimfai mwenye pumu. Sina. Akanipa vidonge ambavyo wengine humeza kwa ajili ya presha. Mtetemeko haujaisha, lakini bisibisi inakaa kwenye skrubu.

Nikapanda pikipiki hadi Kwamsisi. Bibi bado yupo, wakuu. Nikamwamkia, nikamweleza taratibu.

Akaliweka chini gunzi alilokuwa nalo mkononi.

"Kumbe baba hakuwa mlevi," akasema. "Alikuwa anaitafuta mikono yake."

Nilichojifunza: kabla hujampa ndugu yako jina baya, mpeleke akapimwe.

Kwenu je, yupo mzee aliyetetemeka? Mlimwitaje?