Siku Nilikata Uzi Wenye Haukuwa Uzi

Naisema mwenyewe, kwa sababu jirani yangu Mama Shabani anaieleza hapa Mbugangari kila siku na anaongeza chumvi, juzi nasikia ati nilizimia, na sikuzimia, nilibaki wima kwa miguu yangu miwili na aibu ikanimwagikia yote vile vile nikiwa nimesimama. Donc musikie kwangu.

Mi ni mushonaji. Shule niliiacha nikiwa mudogo, lakini mukasi nimeushika miaka arobaini, na hakuna bibi-harusi toka hapa mupaka Kanzenze mwenye alitoka kwangu na uzi unaning'inia kwenye nguo. Nguo ya namna ile ni kama mutoto mwenye makamasi, umuvalishe hata hariri, watu wataangalia pua tu.

Sasa mujukuu wangu Zaina (iko na miaka makumi mbili, na ile akili hakuitoa kwa baba yake) anatengeneza mashine. Muzee Ramazani, mwenye karakana ya redio na televisheni karibu na soko, alikuwa anatafuta mutu wa kuweka kwenye meza yake ya pili, akamuletea Zaina mashine moja ya michezo, ile ya zamani ya kuingiza kaseti, yenye watoto wake walichezea wakingali wadogo kule Goma. Mashine ilikuwa nzima, shida ni televisheni za leo, bapa kama sinia, hazina matundu ya zile waya za zamani. Akamuambia Zaina atie kitu ndani yenye itafanya picha itoke safi, yeye atapita juma-mosi kisha ya sala ya adhuhuri. Picha ikisimama, Zaina anaanza kazi juma-tatu. Isiposimama, meza itapata mutu mwingine, na mutu asimuchukie yeye muzee.

Juma nzima Zaina aliinama juu ya ile mashine na kile chuma chake cha moto, anayeyusha risasi, anashikiza waya moja moja kwenye kikadi kidogo kama ukucha. Alinieleza kila waya na kazi yake, na mi nilikuwa naitika kama mutu mwenye kusikiliza khutuba ya Kiarabu. Siku ya tano, ijumaa, picha ikasimama. Kagari kadogo kekundu kanakimbia kwenye barabara, safi kabisa. Bon, mi nikatoka na kuambia mutaa muzima. Hapo ndipo ningejifunga mudomo.

Siku yenyewe, Zaina akaenda kujitayarisha, mashine akaiacha kwenye meza yangu ya kushonea, imefungwa. Nikasema niipanguse, mugeni hapewi kitu yenye mavumbi. Napangusa, napangusa, pale pembeni kifuniko kinapokutana na chini, naona uzi. Mwembamba, rangi ya kahawa, umetokeza na kujikunja kama kitanzi cha kifungo. Sikufikiri (mukono wa mushonaji hauombi ruhusa). Nikauvuta kidogo, nikaukata kwenye shina, huku na huku, nikautupa chini na nyuzi zingine. Na niliona raha, niseme ukweli.

Muzee Ramazani akafika na kofia yake, majirani nao wakajaa mulangoni kwa sababu mi mwenyewe niliwaalika. Zaina akawasha. Muziki ukalia vizuri, wa furaha, lakini picha ikakimbia. Ilikimbia upande upande, imepasuka vipande vipande, kama kitambaa chenye kumezwa na cherehani. Zaina akazima, akawasha, ile ile. Akachomoa waya ya televisheni akaweka ingine, ile ile. Akabadilisha ile ya umeme. Ile ile.

Akanong'ona, si kwangu, alikuwa anajisemea: ni kama ile waya nyembamba imeachia, ile ya kahawa, yenye inaambia televisheni picha ianzie wapi.

Yebabawe. Nikaangalia chini, nyuzi nyeupe, nyuzi nyekundu, na katikati yazo kile kipande kimejikunja kinaniangalia. Nikakikanyaga. Mi, mwanamuke wa kuswali, nikakificha na muguu, na badala ya kusema nikafungua mudomo na kutangaza ati shida ni televisheni yetu, imezeeka.

Basi Mama Shabani, kwa roho nzuri, akaenda kuleta ya kwake, wanawake wawili wameibeba, imefunikwa na kitenge. Picha ikakimbia vile vile. Na kwa sababu uongo mumoja unaita ndugu yake, nikasema hata hii ni mugonjwa.

"Televisheni yangu ilikuwa nzima mupaka ilipoingia kwako," Mama Shabani akasema. "We Aziza, usinitukanie kitu mbele ya watu."

Watu wakaanza kuguna. Muzee Ramazani akaangalia saa. Zaina akafungua kifuniko, akatoa kile kipimo chake chenye kulia tii kama waya iko nzima, akaanza kugusa, huku na huku, tii, huku na huku, tii. Jasho lilikuwa linamutoka kwenye pua. Mi sikutikisika, muguu wangu ulikuwa na kazi. Kisha kipimo kikanyamaza. Akagusa tena, kimya. Akasogeza macho karibu sana.

"Hapa hakuna waya," akasema.

Muzee Ramazani akamuuliza polepole kama aliiweka kweli. Na yule mutoto, mwenye nilimuona na macho yangu akiiweka, akaanza kujitilia mashaka. Akaangalia mikono yake. Akasema labda hakuishikiza vizuri, labda ile picha ya jana ilisimama kwa bahati. Kisha akasema, "Munisamehe, muzee, ni kosa langu," na akaanza kukusanya vyombo vyake.

Hapo nikainua muguu.

"Ni mimi," nikasema. "Nilifikiri ni uzi."

Zaina akainama, akaokota kile kipande, akakiweka kwenye kiganja, akaniangalia, akaangalia mukasi wenye kuning'inia kwenye shingo yangu. Kisha Mama Shabani akacheka, na akicheka yule hata watu wa kwenye barrière, kule mupakani, wanasikia, na mutaa muzima ukamufuata. Mutu mumoja akauliza kama naweza kumupunguzia nyaya za pikipiki yake.

Zaina hakucheka. Akakata waya ingine, akashikiza huku, akashikiza huku, mara hii akaipitisha ndani kabisa na kuibana (alikiri aliiacha ndefu, akafunga haraka). Akawasha. Kagari kekundu kakapita, picha imetulia kama maji ndani ya beseni.

Muzee Ramazani akaitazama muda murefu. Akamuambia Zaina aje juma-tatu saa mbili asubui. Kisha akanigeukia, na hakuwa anafanya mchezo: "Bibi Aziza, nakuheshimu. Lakini kwangu nyaya zinaning'inia kila mahali. Usikanyage mule."

Sijakanyaga. Zaina anatoka asubui, namupa chakula chake mulangoni, naishia hapo. Hakunigombeza kwa kukata, hata siku moja. Jioni ile aliniuliza kitu kimoja tu, na sauti ndogo: "Bibi, ningekusanya vyombo vyote, ungesema?"

Nilimuambia ndiyo. Na ni kweli, nilisema, lakini yeye anajua na mi najua nilingoja mupaka akaomba musamaha wa kosa langu mbele ya watu, na kile ndicho chenye kunichoma, si kicheko. Donc sasa, nikiharibu kitu ya mutu, nasema pale pale, hata kama mugeni bado iko anavua viatu.