Kisanduku Kizima

Miaka thelathini Baba alitengeneza redio. Mteja aliyeleta redio ambayo shida yake ni swichi tu haijawashwa alifukuzwa kwa maneno yaleyale: "Redio nzima, mbovu ni wewe!"

Alipostaafu akanunua kisanduku cha kupandisha mawimbi ya masafa mafupi ili kompyuta iweze kunasa stesheni za mbali. Wiki tatu akaambulia mvumo mtupu. Akapanda paa na magoti yake yale yanayouma, akahamisha waya wa antena, akagombana na kompyuta. Wapi!

"Nimechoka, mama watoto. Kakitupe," akasema, kichwa juu ya meza.

Mama akanyoosha mkono akichomoe, akaona kiswichi ubavuni, akakisukuma. Sauti ya mtangazaji ikajaa chumbani.

Baba hakuinua kichwa.

"Kisanduku kizima," akasema taratibu. "Mbovu ni mimi."