Kiti Alichokuja Nacho Mama Mkwe

Ipo Jumapili moja ninayoikumbuka vizuri, mwanangu, pengine kuliko hata siku ya arusi yangu. Miaka ya tisini ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi hapa Kisumu, na binti yetu wa kwanza, Akinyi, alikuwa anajifunza kusimama kwa kushikilia meza. Mume wangu Omollo alikuwa amenunua Peugeot kuukuu, gari letu la kwanza, na kila jioni aliiosha hata kama haikuwa imetoka uani.

Adhuhuri hiyo mama yake, Mama Dorsila, alifika kutoka Awasi. Alikuwa amepitia soko la Kibuye, na kichwani alibeba kiti kidogo cha plastiki chenye mto wa manjano. Alitembea nacho bila kukishika, na watoto wa mtaa walimfuata nyuma wakitaka kujua ni nini.

Hata sisi wakubwa hatukujua. Siku hizo vitu vya namna hiyo vilikuwa vichache kwetu. Jirani mmoja alisema ni kiti cha kumlishia mtoto uji. Mwingine akashikilia kwamba amekiona kama hicho kwa kinyozi. Mama Dorsila aliwaacha wabishane, akanywa maji, akaketi, kisha akaeleza kwa Kiluo kwamba muuzaji amemwambia ni kiti cha mtoto cha kuwekwa ndani ya gari. Mwanawe sasa ana gari, kwa hiyo mjukuu wake naye ataketi kwa heshima kama mtoto wa waziri.

Mimi, tangu nikiwa mdogo, ni mtu wa kugeuza vitu nione chini yake kuna nini. Nilikigeuza kiti kile. Nilikuta picha ya dubu imebandikwa mgongoni, na zaidi ya hapo hakuna neno. Hakikuandikwa kimetengenezwa wapi, wala ni cha mtoto wa uzito gani. Mikanda yake ilikuwa myembamba kama ya mkoba wa shule na iliishia kwenye ndoano ya plastiki. Nilitafuta mahali ambapo mshipi wa gari ungepita ili ukifunge kwenye siti, nisipaone. Nikajiuliza, mikanda inamshika mtoto, sawa, lakini kiti chenyewe kinashikwa na nini?

Mama Dorsila alipotoka kumsalimia rafiki yake wa kanisani, nilimwita Omollo aone. Aliuvuta mkanda mmoja, ukalegea mkononi mwake. Akasema, "Mama amekibeba hiki kichwani kutoka Kibuye. Sasa utamwambiaje hakifai? Tukiweke tu, na mimi nitaendesha polepole."

Mwanangu, mwenye mama mkwe ataelewa nilivyobanwa. Mama mkwe alikuwa ametuletea zawadi kwa moyo mweupe. Nikikikataa, neno litasafiri hadi Awasi kwamba yule mwalimu anadharau vitu vya wazee. Nikikikubali, nitamfunga mtoto wangu kwenye kitu ambacho hata baba yake hakiamini.

Ndipo nikamkumbuka Peris. Tulisoma naye chuo cha ualimu, na mumewe alikuwa mhadhiri Maseno. Walikuwa wamekaa Uswidi miaka kadhaa na wakarudi na watoto wao wadogo na kiti cha gari. Basi nilimwambia Mama Dorsila ukweli mtupu, kwamba kiti chake kimenitia hamu ya kujua jinsi viti hivyo vinavyofanya kazi, na nina rafiki ambaye anacho cha namna hiyo. Je, angependa twende naye tukaulize? Alikubali kabla sijamaliza. Nilikuja kugundua kwamba alipenda maswali kuliko mimi.

Jumamosi iliyofuata tukaenda Maseno, kiti cha manjano kikiwa kwenye buti, Akinyi nimempakata nyuma kama kila mzazi alivyofanya wakati huo. Peris alitutolea kiti chake kutoka stoo. Kilikuwa kizito kuliko chetu na hakikuwa na urembo wowote. Ubavuni kilikuwa na lebo ya rangi ya chungwa, na juu yake herufi E ndani ya duara, namba kadhaa, na uzito wa mtoto kinayemfaa. Nilimwuliza E hiyo ni ya nini.

Peris alisema kwamba kule walikokuwa, kiti hakiruhusiwi kuuzwa kabla hakijajaribiwa. Wanamweka mwanasesere mwenye uzito wa mtoto, wanakigongesha kusudi kama gari linavyogonga, wanatazama kilichompata. Kiti cha aina iliyofaulu ndicho kinachopewa alama ile.

Nilimtafsiria Mama Dorsila. Macho yalimtoka. Alitaka kujua kama kweli watu wazima hukaa wakivunja viti vipya kutwa nzima na kulipwa kwa hilo. Akataka kujua mwanasesere huyo ana shingo ya aina gani. Alipoonyeshwa jinsi kiti kinavyofungwa, aliona mtoto anawekwa akitazama nyuma ya gari, akauliza, "Huko mbele kuna nini ambacho hatakiwi kukiona?"

Peris alicheka, halafu akamshika Akinyi kichwani kwa upole. Alieleza kwamba mtoto mdogo ana kichwa kizito na shingo laini. Gari likisimama ghafla, kichwa kinarushwa mbele na shingo haina nguvu ya kukirudisha. Akiwa ametazama nyuma, mgongo mzima wa kiti ndio unaompokea. Mama Dorsila alijipapasa shingo yake mwenyewe akifikiri.

Kisha akasimama na kusema chetu nacho kijaribiwe.

Omollo alianza kutafuta sababu za kuondoka, lakini mama yake hakumsikiliza. Aliomba mahindi na magunia mawili madogo. Alimbeba Akinyi kwa mkono mmoja na gunia kwa mkono mwingine, akaongeza mahindi kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, moja baada ya jingine mpaka mikono yake ikamwambia uzito umelingana. Gunia la kwanza tulilifunga kwenye kiti cha manjano, kiti tukakiweka kwenye siti ya nyuma ya gari. Mtoto alibaki na Peris kibarazani. Omollo aliendesha kwenye barabara tupu ya vumbi kando ya shamba, mwendo wa baiskeli tu, akakanyaga breki.

Ndoano ilifyatuka. Kiti kilianguka mdomo chini na gunia likajibamiza kwenye siti ya dereva, mahindi yakamwagika mpaka miguuni pa Omollo.

Mama Dorsila alifungua mlango wa nyuma. Aliingia yeye mwenyewe, akalipakata gunia la pili, akalikumbatia kwa nguvu. Nilimsihi asifanye hivyo. Alisema mikono hii imelea watoto tisa na haijaangusha hata mmoja. Omollo aliendesha taratibu zaidi, akafunga breki. Mama alirushwa mbele, akaishikilia siti kwa mikono yote miwili, na gunia lilikuwa sakafuni. Hakujua hata ni saa ngapi aliliachilia.

Alishuka akatazama viganja vyake kwa muda mrefu. Halafu akamgeukia mwanawe.

"Wewe ulijua kiti hiki ni kibovu?"

Omollo alikiri kwamba alijua tangu Jumapili, ila hakutaka kumuumiza.

"Kwa hiyo ungemweka mjukuu wangu humo ili mimi nisinune?" alisema, bila kupandisha sauti. "Mimi nikinuna, kesho nitacheka. Shingo ya mtoto ikivunjika, itacheka lini? Ukiniheshimu, niambie."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Mimi niliokota mahindi, maana sikujua niangalie wapi. Mama aliponipita alinigusa bega na kuniita nyathina, yaani mtoto wangu, na hakuwa ameniita hivyo tangu niolewe.

Watoto wa Peris walikuwa wamekua, kwa hiyo alitupa kiti chake. Alituhakikishia kwamba kilikuwa chao tangu kikiwa kipya na hakijawahi kuwa kwenye ajali. Lakini hakikufungika siku ile, kwa sababu Peugeot yetu haikuwa na mishipi nyuma. Ilibidi Omollo ampelekee fundi gari lile, naye fundi akafunga mishipi ya kweli kwa bolti kwenye chuma cha mwili wa gari. Mama Dorsila alikaa kwetu mpaka kazi ile ikaisha. Alikishika kiti kwa mikono miwili, akakitikisa mara kadhaa, na aliporidhika ndipo akapanda gari kurudi Awasi.

Miezi michache baadaye tulikuwa tunaenda kwake. Tulipokaribia Awasi, ng'ombe alikatiza barabara ghafla. Omollo alipinda, gari likatumbukia mtaroni na kugonga ukingo kwa pua. Omollo alipasuka paji la uso. Mimi goti langu lilivimba, na hadi leo mvua ikikaribia linaniambia. Nyuma kulikuwa kimya, na kimya kile ndicho kirefu kuliko vyote nilivyowahi kuvisikia. Kisha Akinyi akalia, kilio cha hasira cha mtoto aliyekatiziwa usingizi. Alikuwa ndani ya kiti chake, mishipi imemkaza, hana hata mchubuko.

Mama Dorsila alikuja mbio na watu wa soko. Alimpapasa mtoto kichwa, shingo, mgongo, kidole kwa kidole, kisha akakaa chini kwenye nyasi akalia.

Peris alipopata habari alitutumia ujumbe kwamba kiti kile kisitumike tena. Kiti kikishapita kwenye ajali kinaweza kuwa na ufa ndani usioonekana, na kazi yake imekwisha. Mama Dorsila hilo lilimshangaza, kwamba kitu kilichofanya kazi vizuri hivyo kinatupwa. Alituhoji mpaka akaelewa. Alipoelewa, alichukua kisu akaikata mishipi yake vipande vipande, asije mtu akakiosha na kumuuzia mama mwingine.

Sasa mwanangu, nikuambie waziwazi. Unapomtafutia mtoto kiti cha gari, usianze na rangi wala mto. Kigeuze. Tafuta lebo yenye E ndani ya duara pamoja na namba ya kiwango, siku hizi utaona R44 au ile mpya zaidi, R129. Na kwa kuwa lebo huigwa, nunua kwa mtu mwenye duka na jina, atakayekupa na kitabu cha maelezo. Kiti kiwe cha uzito na urefu wa mtoto wako wa leo, si wa mwaka kesho. Kijaribu ndani ya gari lako kabla ya kulipa. Kikishafungwa, kikicheza huku na huku, hakijafungwa. Mtoto atazame nyuma kwa muda wote ambao kiti chake kinaruhusu, na usimweke hivyo siti ya mbele yenye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mvue koti zito kwanza, mkanda ulale karibu na mwili. Cha mitumba usikiguse ikiwa hujui kilikopitia.

Na mtu unayempenda akikuletea kisichofaa, mshukuru, mketishe karibu nawe, mkitazame pamoja. Mwambie ukweli angali anakunywa chai yako. Anayekupenda atauvumilia.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akujalie barabara nyeupe na breki zinazoshika, na kila safari yako imalizike kwa kumfungua mtoto mshipi akiwa bado amelala. Amina.