Tangi Alilolipaka Mumewe

Hapa karakana tunamwita Mama Unene, na mwenyewe ni mwembamba ajabu. Jina limetokana na kazi. Anagusisha kifaa chake chenye sumaku juu ya chuma kilichopakwa rangi, nacho kinamwambia unene wa rangi bila kuikwaruza. Marehemu mumewe, fundi wetu wa rangi, alipenda kumchokoza mbele ya watu.

"Mke wangu, hata siagi ya mkate utanipimia?"

"Nitapima, maana mkono wako unabania!"

Kweli alibania. Rangi yake ilitosha, haikuzidi hata kidogo.

Tangi la maji nyuma ya karakana lilikuwa kazi yake ya mwisho. Tangu tumzike, Mama Unene alikuwa akila chakula cha mchana kando ya tangi hilo, peke yake, nasi tukajifanya hatuoni. Kisha meneja akataka lipakwe upya.

"Ila kama rangi bado ni nzima, tutaliacha," alisema. "Uamuzi ni wako, mama."

Alianza kupima juu. Rangi ilikuwa nzima. Alipofika chini, karibu na kitako, namba zikapanda ghafla.

Meneja akachungulia, akacheka. "Kumbe huku mzee alijaza! Basi, tuliache."

Neno hilo ndilo alilokuwa akiliombea. Angenyamaza tu, yangekwisha. Lakini mumewe hakuwahi kujaza rangi popote. Kifaa kile hupima umbali kati yake na chuma, basi. Kutu ikiota chini ya rangi, nayo huhesabiwa kuwa unene. Alibonyeza kwa kidole gumba. Rangi ikapasuka, ukamwagika unga mwekundu.

"Likwanguliwe," alisema.

"Hapo chini tu?"

"Lote, bosi. Kutu haiishii unapoiona."

Siku mafundi walipolipiga mchanga kwa mashine ya upepo kung'oa rangi yote, hakutoka ofisini. Kesho yake alipanda kupima chuma kitupu, kabla ya rangi mpya. Sifuri. Akasogea, akagusisha tena. Sifuri. Akalizunguka tangi zima, hata pasipokuwa na haja ya kupima, na hakuna aliyethubutu kumwambia ashuke. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsogezea na kumshikia ngazi, nikamsikia.

"Jamani, mume wangu," alisema, "nimekukumbuka mno."