Dinamo ya Radamés

Radamés wa Santiago de Cuba alikuwa radhi kulala na njaa kuliko kusema tafadhali. Na kila mgao wa umeme ulipouma, ilimbidi aiseme mbele ya shemeji yake Eneida. Nyumba ya Eneida ilikuwa juu mlimani, kwenye laini moja ya umeme na hospitali, na taa zake hazikuzimika. Huko ndiko alikochajia bajaji yake ya umeme iliyompeleka mkewe, Migdalia, kusafishwa damu, maana figo zake zilikwisha kufa. Eneida hakumnyima kamwe. Alimwacha tu asimame na waya mkononi hadi majirani wote wamwone.

Basi akafunga dinamo ya gari bovu nyuma ya bajaji, akaiunga na gurudumu kwa mkanda. Gurudumu likizunguka, dinamo izunguke, betri ijae. Akaijaribu kwenye mteremko wa kwenda bandarini, na mshale wa betri ukapanda kidogo. Radamés alilia kwa furaha.

Mwalimu Argelio, aliyesomesha fizikia hadi akastaafu, aliitazama ile kazi akacheka. "Mteremkoni ni mlima unaokulipia, ndugu yangu. Kwingine, gurudumu linazungushwa na nani? Na betri. Hiyo dinamo ni abiria mnene. Inakula cha betri, inarudisha makombo, mengine yanaishia kuwa joto."

Radamés akamwambia wasomi wanaona wivu.

Siku ya hospitali ilipofika, Migdalia alimwomba wapitie kwanza kwa dada yake, wachaji. Akakataa. Walipoanza kupanda, bajaji ikaguna. Mshale ukashuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Dinamo ilikuwa ya moto, mkanda ukinuka, na yeye akazidi kukanyaga, akimwambia mkewe kwamba itashika, angoje kidogo tu. Katikati ya mlima ikazima.

Akashuka kusukuma. Hakuufungua ule mkanda, kwa hiyo akawa anasukuma bajaji, mke na dinamo pamoja. Wacheza domino waliokuwa barazani wakaacha mchezo.

"Rada, inachaji?" mmoja akauliza kwa upole kabisa.

"Inachaji," mwenzake akamjibia. "Sasa betri ni yeye."

Migdalia, uso umemvimba, hakuwatazama. Walipofika hospitali, wakiwa wamechelewa, mashine ya kusafisha damu ilikuwa imepewa mgonjwa mwingine. Muuguzi akasema warudi kesho, akamtazama Radamés kama mtu anayetazama kiatu chenye matope.

Akamsukuma mkewe hadi kwa Eneida, akasimama mlangoni na waya. Safari hii alisema tafadhali kabla hajaulizwa. Eneida akampita, akamshika dada yake mkono, akamwingiza ndani, akamlaza chini ya feni. Waya akauchomeka mwenyewe.

Jua lilipoanza kushuka betri ilikuwa imefika nusu. Radamés akamwita mkewe waende nyumbani.

"Nenda," Migdalia akasema, bila kufumbua macho. "Mimi nabaki hapa kwenye umeme. Kwako nitakufa kwa sababu ya heshima yako."

Eneida akamrudishia waya, ameukunja vizuri. Radamés akateremka mlima peke yake. Mkanda ulikuwa bado umefungwa, na mshale, njia nzima, ulikuwa ukipanda.