Kofia ya Mzungu wa Mashine

Mzungu wa mashine pale mgodini Kariandusi hakujua kufanya kazi bila kupiga mluzi. Wamalwa, msaidizi wake, alikuwa hajaona mtu wa namna hiyo. Mashine ya kusaga ule udongo mweupe ikigoma, mzungu aliitegea sikio kama daktari, kisha akaibembeleza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika: "Pole, mama. Wapi nauma?" Miwani aliipangusa kwa shati lenye vumbi, ikazidi kuchafuka, naye akacheka. Na kabla hajaingia chini ya mashine, alimvika Wamalwa kofia yake isichafuke, ingawa kichwa cha Wamalwa kilikuwa na vumbi zaidi kuliko sakafu.

Siku moja mkubwa mgeni kutoka Nairobi alifika bila taarifa, mzungu akiwa chini ya mashine. Vumbi lilikuwa limewapaka yeye na Wamalwa weupe hadi kope, kama watu waliotumbukia kwenye pipa la unga. Mkubwa akaiona kofia, akampa Wamalwa mkono, akammiminia Kiingereza. "Yes, yes," Wamalwa akajibu. Aliona kibarua chake kikiota nyasi hivi hivi. Mzungu akatambaa kutoka chini ya mashine, akawatazama, mluzi ukakatika. Kisha akasimama wima, mikono ubavuni, kicheko kimemjaa machoni.

"Chai, bwana?" mzungu akamuuliza Wamalwa.

Wamalwa alimeza kicheko kikubwa kama kiazi cha Kuresoi.

"Lete mbili," akasema, akikivunja Kiswahili kama mzungu. "Na sukari mingi."

Mzungu akatoka mbio, akipiga mluzi.